Duara la kijivu: hotuba kwa wakutubi kuhusu kuichora maktaba ya kidijitali

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mlioketi mstari wa mbele, wakutubi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Nimepewa nusu saa nizungumzie matumizi ya michoro katika maktaba za kidijitali. Nitaanza na mnazi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu kwenye meza ya maulizo, maktaba ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Akaja kijana anatafuta kazi zilizoandikwa kuhusu magonjwa ya minazi. Nikamkalisha kwenye kompyuta, nikamwonyesha kisanduku cha kutafutia, nikarudi kwenye shughuli zangu. Akaandika "minazi". Hakuna kilichopatikana. Akaandika "mnazi". Hakuna. Akanishukuru kwa adabu, akaenda zake. Na mimi nikaamini kweli hatuna.

Tulikuwa nazo. Nyingine zilikuwa zimeorodheshwa kwa neno la Kiingereza, nyingine kwa jina la kisayansi, Cocos nucifera. Nilizikuta mwaka uliofuata, na wala sikuwa nazitafuta. Nilikuwa nimechota orodha yote ya hazina yetu ya tasnifu nikaichora kwa mada: kila mada duara lake, na duara likikua kadiri kazi zilivyo nyingi. Pembeni kule, katikati ya kilimo na biolojia, palikuwa na kiduara kidogo cha nazi. Nilikitazama muda mrefu. Yule kijana sikuwa hata nimemuuliza jina.

Kisanduku cha kutafutia kinamtaka mtu alijue jina la kitu kabla hajakiona. Ni kama yale maduka yenye wavu wa chuma kwenye kaunta: unasimama nje, unataja unachotaka, muuzaji anaingia ndani, anakuletea au anakwambia kimeisha. Vilivyomo ndani huvioni. Kariakoo haiko hivyo. Mtu anayetaka nguo anaelekea Mtaa wa Kongo hata kama hajui anataka nguo gani. Anatembea, anatazama, anashika kitambaa, ndipo anajua alichokuwa anakitaka. Rafu zetu za vitabu zilikuwa zinatupa hilo bure: ulifuata kitabu kimoja ukarudi na jirani yake. Tulipohamia kwenye kompyuta tulibomoa mtaa tukajenga kaunta yenye wavu, na sherehe za ufunguzi tukafanya.

Kwa hiyo ninaposema kuichora maktaba, sisemi kuipamba. Nasema kuurudisha mtaa.

Waliofikiria jambo hili mapema walilifikiria kwa shida zao za kawaida kabisa. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, maabara ya Ben Shneiderman ilikuwa na diski moja ya megabaiti 80 wakiitumia watu 14. Ikawa inajaa kila mara, na hakuna aliyejua nani kaijaza. Sasa megabaiti 80 leo ni video moja tu ya harusi mliyotumiana kwenye WhatsApp, lakini kwa wakati ule ilikuwa mali. Shneiderman akabuni mchoro ambao sisi huku tunaweza kuuelewa haraka kuliko Wamarekani, maana ni sawasawa na kugawa shamba la urithi. Chukua shamba zima, ndiyo skrini. Ligawe kwa watoto, kila mmoja eneo lake kulingana na fungu lake. Kila mtoto agawe lake kwa wanawe, na wajukuu wagawe tena. Ukisimama juu unaona kwa jicho moja nani ana eka nyingi na nani kabanwa pembeni. Diski yao ilipochorwa hivyo, mwenye mafaili makubwa hakuwa na pa kujificha.

Mwaka 1996 huyohuyo Shneiderman aliandika kanuni ambayo mpaka leo wabunifu wa michoro wanaisoma kama wirdi. Kwa Kiswahili changu: kwanza onyesha yote kwa pamoja, kisha mwache mtu asogee na achuje, halafu mpe undani pale anapouomba. Waliozaliwa hapa pwani hawahitaji maelezo. Ukija na jahazi kutoka baharini, kwanza unaona mstari wa nchi. Ukisogea, mstari unakuwa minazi na minara. Ukisogea tena unaona gati, na mtu amesimama gatini. Hakuna nahodha anayeanza kwa kumtafuta yule mtu wa gatini. Ila sisi wakutubi ndivyo tunavyowafanyia wasomaji wetu: tunawatupa gatini usiku, bila taa, tunawauliza unamtafuta nani.

Nitoe mfano mmoja wa kazi nzuri. Januari 2016, Maktaba ya Umma ya New York ilitoa zaidi ya vitu 180,000 visivyo na hakimiliki, mtu yeyote avichukue: picha, ramani, barua, hati za muziki. Wangeweza kuweka kisanduku cha kutafutia wakalala. Badala yake walichora ukurasa mmoja wenye vitu 187,000, kila kimoja kijipicha kidogo kama punje ya mtama, na msomaji akapewa njia nne za kuvipanga: kwa karne, kwa aina, kwa mkusanyiko, au kwa rangi. Mimi niliposikia habari ya rangi nilicheka. Nani anakuja maktaba kutafuta kitu cha kahawia? Nikaibofya kwa dharau. Ukapanda ukuta mrefu wa kahawia, nikausogelea, nikakutana na picha kuukuu za kutazamwa kwa miwani maalumu, zile zinazochapwa mbilimbili. Sikujua kama zipo, wala jina lake silijui kwa Kiswahili hata leo. Nisingeweza kuziandika kwenye kisanduku chochote. Tangu siku hiyo rangi siichekei.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Nimechora hazina za maktaba kwa miaka kadhaa, na nilichojifunza ni kwamba mchoro hauonyeshi maktaba. Unaonyesha katalogi. Yaani unatuonyesha sisi, mikono yetu, siku tulizokuwa na haraka, fomu tulizojaza huku tunaongea na simu.

Chukueni tarehe. Tuna miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na waandishi wake walihesabu miaka kwa Hijria. Mwaka 1141 Hijria unaangukia 1728 Miladia. Mkutubi akinakili 1141 kwenye uga wa tarehe bila kuandika H, kompyuta haina habari na Hijria. Itauchukua utenzi wa Pate wa karne ya 18 na kuuweka karne ya 12, na atatokea mtafiti mwenye shauku aseme kagundua utenzi wa kale kuliko wote. Katika orodha ya kawaida kosa hilo linakaa miaka ishirini bila mtu kuliona. Katika mchoro wa wakati linajitokeza siku ya kwanza: nukta moja peke yake, mbali na wenzake, kama mbuzi aliyekatika kamba. Na mkiona lundo la kazi tarehe 1 Januari 1970, msishangae kulikuwa na nini siku hiyo. Hakukuwa na kitu. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kuanzia hapo, na pasipo na tarehe hurudi sifuri.

Ramani nazo zina sifuri yake. Kitu kisicho na majira ya nukta hupewa latitudo 0 na longitudo 0, na hapo ni baharini, Ghuba ya Guinea. Wachora ramani wamepaita mahali hapo kwa utani kisiwa, ingawa hakuna ardhi. Nimewahi kufungua ramani ya picha za zamani za pwani yetu nikakuta sehemu nzuri ya urithi wetu inaelea majini huko Afrika ya Magharibi. Nayo majina ya mahali ndiyo usiseme. Wajerumani waliandika Daressalam neno moja. Wengine Dar-es-Salaam kwa vistari. Wengine Dar es Salaam. Kwa mchoro hiyo ni miji mitatu, na mkubwa kuliko yote haujulikani ni upi.

Watu pia. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 akafariki 1962, yupo kwenye katalogi nyingi kama Robert, Shaaban, kwa sababu kanuni ya Kizungu inataka jina la mwisho litangulie. Kwingine yupo Shaaban Robert. Kwingine mtu kaongeza herufi au kapunguza. Ukichora mtandao wa waandishi na wachapishaji, mzee wetu anagawanyika watu watatu wasiojuana, kila mmoja na kikundi chake. Muyaka bin Haji umweke kwenye M au kwenye H? Mimi namweka kwenye M na siombi radhi. Lakini chochote mtakachochagua, chagueni kimoja. Kuna programu ya bure inaitwa OpenRefine inayokusanya maandishi yanayofanana na kukuuliza, hawa ni mtu mmoja au wawili? Jioni moja na OpenRefine ina faida kuliko semina tatu za michoro, na nasema hivyo nikiwa mtu anayelipwa posho kwa semina za michoro.

Kuna makosa yetu, na kuna mambo tuliyorithi. Mpango wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba kulingana na mada, ni wa 1876. Kundi la 200 ni dini: kuanzia 220 kuendelea mpaka 280 na ushei ni Biblia na Ukristo, na Uislamu ukabanwa kwenye 297. Fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima. Fasihi ya Kiswahili iko wapi? Mkutubi wa kweli anaijua kwa moyo. (Sauti kutoka ukumbini: 896.392.) Ahsante dada. Sasa uchoreni mpango huo kwa ule mgawanyo wa shamba la urithi. Msomaji anayetaka Kiingereza anafungua 800, anafungua 820, kafika. Anayetaka Kiswahili anafungua 800, kisha 890, kisha 896, kisha 896.3, kisha 896.39, ndipo 896.392. Milango sita kukifikia Kiswahili, akiwa amekaa Bagamoyo! Kwenye rafu hilo halikuwauma sana, kwa sababu miguu haihesabu nukta za desimali. Mchoro unazihesabu. Ushauri wangu ni kwamba namba za Dewey zibaki migongoni mwa vitabu zinapofanya kazi yake, ila mchoro wa maktaba yetu uanze kwa lugha, na mada zifuate ndani yake.

Hata lugha yenyewe, tahadharini. Kwenye misimbo ya kimataifa Kiswahili kina swa, ambayo ni ya jumla. Kina swh, ya Kiswahili cha pwani. Na kina swc, ya Kiswahili cha Kongo. Kila msimbo una sababu yake na sina ugomvi na wataalamu wa lugha. Lakini hazina ikichanganya yote mitatu bila mpango, Kiswahili kinachorwa maduara matatu madogo pembeni ya duara moja kubwa la Kiingereza, na mgeni anaondoka akiamini ndivyo kilivyo. Halafu kuna zile fomu za kuingiza kazi ambazo Kiingereza kinakuwa kimeshachaguliwa tayari. Mwanafunzi anapakia tasnifu yake ya Kiswahili, amechoka, anabofya endelea, endelea, endelea. Tasnifu imekuwa ya Kiingereza.

Nisimame kidogo hapa tulipo. Mji huu wa Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara, mnajua, na mnajua misafara ilibeba nini zaidi ya pembe. Kuna hifadhidata kubwa ya mtandaoni ya safari za meli za watumwa, wazi kwa kila mtu tangu 2008, yenye safari kama 36,000 zilizovuka Atlantiki. Wasomi wake wanakadiria watu milioni 12.5 walipakiwa kwenye meli hizo. Ukiichezesha ramani yake, kila meli ni nukta, nazo zinavuka bahari mwaka baada ya mwaka mpaka unatamani kuizima. Sijaona mchoro wa maktaba ulionishika namna ile. Lakini hifadhidata hiyo ilijengwa juu ya Atlantiki, na mtoto wa Bagamoyo akiitazama anaona upande wetu wa bara umetulia, nukta chache tu zikizunguka kutoka pwani ya kusini kwenda Amerika. Kimya kile ni ukingo wa data. Biashara ya Bahari ya Hindi iliandikwa kidogo, kwa lugha nyingine, kwenye karatasi nyingine. Mwalimu anayeionyesha ramani ile darasani bila kusema hivyo kwa mdomo wake anawafundisha watoto kwamba huku hakukutokea kitu.

Kwa hiyo mchoro lazima uonyeshe usichokijua. Hapa ndipo duara la kijivu linapoingia.

Nilipochora ile hazina ya tasnifu, duara kubwa kuliko yote halikuwa la elimu wala la biashara. Lilikuwa la kazi zisizoandikwa mada. Nikalipaka kijivu nikaliacha mahali pake, katikati. Mkubwa wangu wa wakati huo alipouona mchoro aliusifu, akasema tuuweke kwenye skrini ya mapokezi, wageni wanakuja wiki ijayo, ila lile la kijivu liondolewe, linatuaibisha. Nikamwambia tukiliondoa, maduara mengine yataonekana yamejaza maktaba yote, na huo utakuwa uongo. Akaniambia wageni hawakai sana. Tulibishana kama watu wazima wanavyobishana ofisini, yaani kwa barua. Mwisho skrini ya mapokezi ikaonyesha picha za mahafali, na mchoro wangu nikaubandika kwenye chumba cha waorodheshaji, juu ya birika la chai.

Sikupanga, lakini hapo ndipo ulipofanya kazi. Watu wanne wanaolitazama duara la kijivu kila asubuhi wakisubiri maji yachemke huanza kulichukia. Mmoja akaanza kuchukua kazi tano kwa siku kuziandikia mada. Wengine wakafuata, ikawa mashindano. Kila mwisho wa mwezi nilichora upya. Hakuna agizo wala warsha iliyowahi kutusukuma hivyo.

Kuhusu vifaa nitakwenda mbio, maana vifaa vinabadilika. Kama hazina yenu inatumia DSpace, programu ya kuhifadhi kazi za chuo mtandaoni, na nyingi za vyuo vyetu zinatumia hiyo, mnaweza kutoa orodha yote kama faili la jedwali. Koha, programu ya katalogi ya maktaba, vilevile. Faili hilo mkilifungua kwenye Excel tayari mna mchoro wa kwanza: hesabuni kazi kwa kila mwaka, choreni mihimili. Msiione ni kazi ya kitoto. Mhimili mmoja uliopanda ghafla mara nyingi ni mwaka ambao mradi fulani ulilipia uskani, na shimo linalofuata ni mwaka mradi ulipokwisha. Kwa mitandao ya mada na waandishi kuna VOSviewer ya Leiden, Uholanzi, ya bure. Na kuna Open Knowledge Maps ya Vienna: unaandika neno, inachukua kazi 100 zinazolihusu zaidi na kuzigawa kwenye maduara ya mada ndogondogo. Leo jioni andikeni neno moja la fani yenu kwa Kiingereza, mtazame. Kisha liandikeni kwa Kiswahili. Sitawaambia mtaona nini.

Jambo moja tu nalisisitiza, simu. Wasomaji wetu wengi wanaingia kwa simu na kifurushi cha data kinachoisha saa sita usiku. Mchoro unaocheza na kung'aa ukila megabaiti nyingi kabla haujafunguka, mtu anaufunga, na ana haki. Chorea kwenye seva, mpelekee picha nyepesi, na chini yake weka jedwali la maneno yaleyale. Jedwali hilo pia ndilo litakalosomwa kwa sauti na simu ya msomaji asiyeona, ambaye michoro yetu yote hii bila hilo haimfai kitu. Ranganathan, mkutubi wa Madras, India, aliandika mwaka 1931, katika kanuni zake tano za ukutubi, kwamba tuokoe wakati wa msomaji. Angekuwa hai leo nadhani angeongeza na kifurushi chake.

Mwenyekiti ananitazama, kwa hiyo nafika mwisho.

Mchoro wa hazina yetu wa mwezi uliopita nimeuchapa kwenye karatasi kubwa, nimeubandika pale kwenye ukumbi mdogo mnapopita kwenda kunywa chai. Duara la kijivu bado lipo. Limepungua, lakini lipo. Pembeni yake nimeacha kalamu na orodha ya vichwa 100 vya kazi zilizomo ndani yake, zote hazina mada. Kila mmoja wenu, kabla hajachukua sambusa, achague kichwa kimoja akiandikie mada mbili, na moja kati ya hizo iwe kwa Kiswahili. Nitaikusanya orodha saa kumi, kabla basi la Dar halijaondoka.